Dole Gumba Langu na Sakafu ya Mjomba Elia

Naanza na ujinga wangu, kwa sababu nikiuficha mtausikia kwa watu wengine na wataongeza chumvi. Siku tuliyopima sakafu ya gereji ya Mjomba Elia, niliziba kwa dole gumba mdomo wa mpira wa levo, ule wa maji wa kupimia usawa. Basi, ni hilo tu. Sikuiba wala sikuchoma nyumba ya mtu. Niliziba kimpira chembamba kwa muda usiotosha kumeza tonge, na kwa dole hilo nikakaribia kumstaafisha fundi aliyejenga nusu ya misingi ya kijiji chetu.

Mimi mwenyewe nimestaafu wiki iliyopita, nikiwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa msaidizi mkuu wa gereji kwa likizo tatu mfululizo, na ninaachia ngazi kwa sababu kidato cha nne kina mtihani ambao, kwa maneno ya Mama, haujawahi kuuliza habari za spana. Vyeo sitavigusa, kwani nilikuwa msaidizi mkuu bila kuwa na msaidizi mdogo. Mshahara nao tuuache ulale. Nawaandikia ninyi, Danieli na Beti, wadogo zangu ambao mmeshaanza kugombania ovaroli yangu kabla haijapoa.

Mnamjua Mjomba Elia kama mzee anayenuka grisi na anayegawa peremende. Zamani alikuwa dereva wa lori la mboga. Alikuwa akipakia kabichi na karoti huku juu Lushoto, anashuka zile kona za kwenda Mombo, kisha anaitafuta Dar es Salaam. Siku moja nilimuuliza kwa nini mtu aliyeendesha maisha yake yote bado ana hamu ya kuendesha.

"Mpwa, mimi sijawahi kuendesha," akasema. "Nimebembeleza. Ukikata kona kwa pupa, kabichi zinahama. Kabichi zikihama, na wewe unahama nazo. Miaka yote hiyo nilikuwa nawabembelezea watu kachumbari yao."

Alipoacha lori akanunua kigari kidogo cha milango miwili, cheupe, isipokuwa mlango mmoja mwekundu na boneti ya kijani. Tukakiita Kinyonga. Akawa anakishusha bondeni, kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa shamba moja la mkonge, ambako watu wenye ugonjwa kama wake hukutana Jumamosi. Wanapanga matairi mabovu, wanavaa helmeti, wanazunguka katikati ya matairi hayo kwa kasi yote ambayo gari linayo. Wakimaliza wanapeana mikono na kurudi makwao. Mama alipoelezwa mchezo huo aliuliza swali moja tu.

"Sasa wanakwenda wapi?"

Gari la mchezo huo halikai salama. Kila likitoka uwanjani lazima lifunguliwe, likazwe, lipimwe magurudumu. Mjomba alikuwa akifanya hayo chini ya turubai, na ukungu wetu mnaujua. Spana inashika kutu ukiwa bado umeishika. Akahitaji gereji. Gereji inahitaji tambarare, na kwetu tambarare haipatikani, inachongwa. Sehemu iliyokuwa imeshachongwa ni moja tu, ile ya nyuma ya nyumba yetu ambako Mama alikuwa akianika maharage. Alilifikiria ombi la kaka yake kwa muda wa Jumapili tatu, kisha akasema, "Chukua. Lakini maharage yangu yakinyeshewa, utayakausha na moshi wa hilo gari."

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuja nimevaa raba nyeupe. Msirudie. Mjomba alinikabidhi ndoo iliyojaa bolti na nati za miaka yote, na makopo kumi matupu, akaniambia nizigawe kwa ukubwa. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Ilichukua siku mbili, na mwisho wake nilikuwa naweza kuitambua nati ya namba kumi na tatu kwa vidole, nimefumba macho. Kipaji hicho mpaka leo hakijanisaidia darasani, lakini ninacho.

Baada ya hapo tulijenga ukuta wa mawe upande wa juu, ili kilima kisije kutusalimia wakati wa masika. Mjomba alitaka na shimo la kuingia chini ya gari. Tulichimba mpaka kiunoni, chemchemi ikatokea, na asubuhi tukakuta vyura wameshahamia. Tukafukia. Badala yake tukatengeneza ngazi mbili za mbao nene za mkaratusi, gari linapanda juu yake na wewe unalala chini. Ushauri wangu wa kitaalamu: kabla hujalala, hakikisha kuna mawe nyuma ya magurudumu, na hakikisha uliyeyaweka ni wewe, si ndugu yako.

Ndipo akaja Fundi Athumani kupiga sakafu.

Fundi Athumani anaishi kule juu, njia ya Magamba, na hana haraka. Ukimwamkia shikamoo anasimama kabisa, anaweka mzigo chini, ndiyo anaitikia marahaba. Mwiko wake umelika upande mmoja mpaka umefanana na jani. Yeye na Mjomba walibishana kuanzia chai ya asubuhi mpaka jua lilipotokeza, na kwetu jua halikimbilii kutokeza.

"Sakafu nitaiinamisha kidogo kuelekea mlangoni," alisema Fundi. "Vidole viwili."

"Hapana, Fundi. Iwe sawa kabisa. Kama maji kwenye bakuli."

"Elia, mimi sijawahi kupiga sakafu isiyo na mteremko. Hapa milimani sakafu iliyolala ni bwawa. Mvua ikipiga mlangoni, maji yatakwenda wapi?"

"Yatanisubiri nije na fagio. Mimi napima magurudumu, Fundi. Natundika timazi hapa, naangalia gurudumu limesimama wima au limeinama. Sakafu ikilala ubavu, timazi inanidanganya. Nafunga gari likiwa limepinda, naingia uwanjani nalo, linanivuta kwenye matairi."

"Si utaliona barabarani kwanza?"

"Barabara gani? Hii yetu ina sehemu gani iliyonyooka gari likaonyesha tabia yake?"

Na hilo ni kweli. Gari likivuta kushoto hapa Lushoto, unadhani ni kona.

Fundi akakubali kwa shingo upande. Mtu aliyezoea kuinamisha kila alichojenga tangu ujana, anaombwa alaze. Niliona alivyokuwa makini siku hiyo. Alifuta mpira wa levo mara mbili, akaunyoosha juani kutafuta mapovu. Kwa msioujua: ni mpira mrefu unaoona ndani, umejazwa maji. Mmoja, siku hiyo mimi, anashika ncha moja kwenye alama ya mwanzo, mwingine anakwenda na ncha ya pili kwenye kigingi cha kona nyingine. Maji yakitulia pande zote mbili, yamelingana, hata kama katikati mpira umepita bondeni na kurudi. Unapiga alama. Hakuna umeme, hakuna betri, na hakuna mtu duniani anayeweza kubishana na maji.

Isipokuwa mtu mwenye dole gumba. Ukiziba mdomo wa mpira, maji yanagoma kusogea. Niligundua kwenye kona ya kwanza, nikafurahi kama mvumbuzi. Fundi anainua ncha yake, anashusha, maji yamekaa kimya kama mwanafunzi aliyeulizwa hesabu. "Yana nini leo haya?" anauliza. Naachia kidole, yanaruka. Naziba, yanaganda. Mara tatu Fundi aliutikisa mpira wote akitafuta povu, na mara tatu mimi niligeuka kukohoa ili nicheke.

Kwenye kona ya mwisho, ile ya nyuma upande wa kushoto, wenzangu wa darasani walipita njiani wakitoka mpirani. Mmoja akapaza sauti, "Zefania, umeolewa na mpira wa maji?" Jambo kama hilo huwezi kuliacha bila jibu. Nikajibu kwa kirefu. Fundi akauliza, "Maji yako kwenye alama?" Nikatazama: yako kwenye alama. Nikasema, "Sawa, Fundi." Akapiga alama yake kwenye kigingi. Nilipoteremsha mkono ndipo nikaona dole langu bado limeketi mdomoni mwa mpira.

Nilijua pale pale. Sitawadanganya kwamba nilijua baadaye. Lakini Fundi alikuwa ameshafunga kamba, anakusanya vitu vyake, na kusema kungemaanisha kueleza na zile mara tatu za kwanza. Nikajiambia, kidole kimoja au viwili ni kitu gani kwenye mlima mkubwa kama huu. Kesho yake majirani wakaja kusaidia kumwaga zege, Mama akapika makande sufuria kubwa, na ile alama yangu ya uongo ikafukiwa.

Gereji ikapanda vizuri. Ukuta wa mbao, bati, dirisha upande wa bondeni. Ubaoni Mjomba alichora kivuli cha kila spana, ili ukiangalia tu ujue ipi haipo. Spana namba kumi haipo. Kumi huwa haipo. Msipoteze ujana wenu kuitafuta. Tulisimamisha nguzo tatu za mkaratusi, tukafunga cheni juu, tukainua injini ya Kinyonga ikaning'inia kama mbuzi wa Krismasi. Hizo zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizofanya kazi, na kila nilipopita ile kona ya kushoto nilitazama pembeni.

Halafu siku moja asubuhi Mjomba akaangusha nati. Haikulala. Ikaanza kutembea, polepole, ikapita chini ya gari, ikaenda kugonga ukuta kwenye kona ya nyuma upande wa kushoto. Mjomba akaichukua, akaiweka katikati ya sakafu, ikaenda tena pale pale. Tulisimama tukiitazama nati hiyo ikienda mara nne. Akachukua mpira wa maji, akapima mwenyewe huku mimi nikishika kwa vidole viwili tu, kiadabu kabisa. Kona imeshuka vidole viwili kasoro kidogo.

"Nilijua," alisema Mjomba, bila hasira. "Mkono wa Fundi umezoea. Umeinamisha wenyewe."

Fundi aliitwa. Alikuja, akapiga magoti, akalaza mwiko wake sakafuni. Mjomba akamwambia asijali, ni mazoea tu.

"Si mazoea," alisema Fundi Athumani. "Mazoea yangu ni kuinamisha kuelekea mlangoni. Huku nyuma ningeinamishia nini? Hapa niliyaona maji. Niliyaona sawa." Akajishika juu ya nyusi. "Ni macho, Elia. Mke wangu ananiambia tangu mwaka jana nami namkatalia."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Nilifungua mdomo, kikatoka kikohozi.

Wiki iliyofuata habari ikawa imezunguka. Kuna mwalimu aliyekuwa amempa Fundi kazi ya msingi wa nyumba. Akampa mtu mwingine, kwa heshima, akisema mzee apumzike. Mimi nilikuwa bado nahesabu kwamba mambo yatapoa. Kisha Fundi akaja nyumbani, mchana, amebeba mfuko wa saruji uliokunjwa. Mama akamkaribisha chai, hakukaa. Aliniita mimi.

"Chukua, mwanangu. Wewe macho yako ni mazima, na nimeona unapenda kazi."

Ndani ya mfuko kulikuwa na ule mpira wa levo, timazi, na ule mwiko uliolika kama jani.

Wadogo zangu, mimi ni mtu wa utani. Nimewahi kuitwa mbele ya shule nzima na nikaondoka nimewachekesha walimu wawili. Lakini siku hiyo niliubeba mfuko ule mpaka gereji, nikauweka juu ya meza, nikautoa mwiko, ukalia kwenye mbao. Mjomba alikuwa chini ya gari. Akasema kutoka huko chini, "Mzee amekupa mwiko wake? Basi amekata shauri kweli. Mtu hatoi mwiko wake."

Nikamwambia. Niliiambia miguu yake, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nje. Nilieleza kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ile ya mwisho. Miguu haikusogea mpaka nilipomaliza.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna, Mjomba."

"Basi umeanza kwa mtu asiye sahihi," alisema. "Nenda."

Nikarudisha vyombo mfukoni, nikaubeba. Njia ya kwenda kwa Fundi ni kupanda tu. Nilimkuta uani anamenya magimbi na mke wake. Nikaamkia, nikaitikiwa, nikaulizwa Mama hajambo, Mjomba hajambo, shule haijambo. Wote walikuwa hawajambo. Nikaomba ndoo ya maji. Nikaujaza mpira mbele yao, nikampa Fundi ncha moja, nikashika nyingine.

"Inua, Fundi."

Akainua. Maji yakasogea.

Nikaziba. "Inua tena."

Maji hayakusogea. Akainua zaidi, akashusha mpaka magotini. Yakagoma. Akaanza kuutikisa mpira kutafuta povu, kama siku ile, kisha mkono ukasimama. Akautazama mpira wote, kutoka kwake, juu ya maganda ya magimbi, mpaka kwenye dole langu.

"Kona ya nyuma," akasema.

"Ndiyo, Fundi. Kushoto."

Mke wake aliacha kumenya. Nilisubiri kofi na ningelipokea kwa mikono miwili. Fundi akasema, "Toa kidole." Kisha akanipeleka kuzunguka nyumba yake yote. Kila kona alipiga alama kwa mkaa, bila kuniuliza chochote, akitazama maji yake mwenyewe, halafu ananiita niangalie mimi. Kona sita, na choo, na banda la kuku. Tulipofunga mzunguko tukarudi kwenye alama ya kwanza, mstari ulikutana na mstari. Wembe usingepita katikati. Fundi aliupitisha kidole. Akauliza kwa sauti ndogo, siyo kwangu, "Umeona, mama Rashidi?"

"Nimeona," alisema mke wake. "Kumbe unachohitaji ni vijana wengine, si macho mengine."

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Ni mara ya kwanza mtu alichekesha nikiwepo na nikashindwa kumsaidia.

Sakafu haikuvunjwa yote. Fundi alichora kwa mkaa sehemu ya kona ile, akanikabidhi tindo na nyundo, akasema, "Kazi yako hiyo, mimi nitakuja kumwaga." Zege la Fundi Athumani halivunjiki kirahisi, naweza kulisifu mbele ya mahakama yoyote. Nilivunja siku tano. Viganja vyangu vilitoa malengelenge, malengelenge yakatoa watoto. Wale wenzangu walipita tena njiani wakauliza naolewa lini, na nikawaambia siku hizi nina shughuli. Yule mwalimu naye nilimfuata, nikamwamkia, nikamweleza mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nirudie mbele ya wazee wa usharika wetu wa kanisa. Nikarudia.

Siku ya kupima upya, Fundi ndiye aliyeamuru nishike ncha yangu kwenye alama ya mwanzo, kama siku ile. Mwiko nilikuwa nimeshamrudishia. Alipomaliza kulainisha zege, Mjomba akasubiri likauke siku zake zote, halafu akaweka nati katikati ya sakafu. Sote watatu, na Fundi, tulichuchumaa tukaitazama. Ikakaa.

Tukampima Kinyonga. Uzi wa nailoni ubavuni kila upande, timazi kwenye kila gurudumu, na chini ya magurudumu ya mbele vigae viwili viwili vilivyopakwa grisi katikati, ili tairi ligeuke bila kung'ang'ania. Gurudumu la kushoto lilikuwa limeinama vibaya kabisa. Tulikuwa tumelifunga hivyo kwa mikono yetu, tukiamini timazi. Tukalifunga upya.

Jumamosi ile tulishuka bondeni, Mjomba, Fundi na mimi. Kwenye sehemu ndefu ya ule uwanja, mzunguko wa pili, Mjomba alitoa mikono yote miwili kwenye usukani na kuitoa nje ya dirisha tuione. Gari likaenda kama limechorwa kwa rula. Fundi Athumani hakupiga makofi. Alisema, "Ile ni sakafu," akaomba maji ya kunywa.

Mama hakusema lolote kwa siku zote hizo. Habari alikuwa nayo, kwa sababu mama Rashidi anauza mboga meza moja na yeye sokoni. Nilivunja zege akiniona, nikala akiniona, na hakuna neno. Kwetu Mama akikasirika anahamia Kishambaa, na hapo unajua dhoruba itapita. Nilisubiri Kishambaa, hakikuja. Asubuhi baada ya safari ya bondeni, nikiwa nimekaa jikoni na daftari la fizikia, alisimama mlangoni na kusema, kwa Kiswahili, neno kwa neno:

"Fundi Athumani anaanza kunijengea jiko jipya Jumatatu. Anasema mpira ushike wewe saa za asubuhi kabla ya shule, si mtu mwingine. Nilimkatalia mara mbili, mara ya tatu nikaona haya. Uvae koti, asubuhi nje kuna ukungu."